Haigawanyiki

IJUMAA, SAA 4:10 ASUBUHI

Chumba cha nyuma, duka la vipuri vya pikipiki. Mosi alitandaza ramani mezani, akaikandamiza kwa bastola.

"Saa sita na nusu tajiri anaenda kuswali. Luqmani anatufungulia mlango wa nyuma, anafunga. Ticha anafungua sefu. Tanzanaiti zote kwenye begi, tunasepa."

Luqmani alikuwa mlinzi wa duka la vito la tajiri huyo, na mdogo wake Mosi wa tumbo moja. Ndiye aliyeleta karatasi yenye namba 2147483647. Sefu lilitaka namba mbili za siri, ya tajiri na ya mkewe, kila moja tarakimu tano. Luqmani alisema tajiri amezizidisha, akaandika jibu asije akasahau. Kazi ya Ticha ilikuwa kuzitenganisha.

Ticha ni Basil, mwalimu wa hesabu. Kazi hii hakuiomba. Binti yake Consolata, miaka saba, alichukuliwa wiki iliyopita akitoka shule. Kati yao watatu, nyumba aliyofichwa aliijua Mosi peke yake.

"Bosi, haigawanyiki," Basil alisema. "Siku nane nagawa. Nimejaribu namba tasa zote mpaka elfu arobaini na sita na ushee. Namba mbili zingekuwepo, moja isingevuka hapo. Hii yenyewe ni tasa."

"Kwa hiyo?"

"Aliyeileta amedanganya."

Mosi alicheka. "Mdogo wangu? Hesabu zimekuchanganya. Nisipopiga simu saa saba na nusu, mtoto anapandishwa basi la Singida. Utagawa."

Masikini Basil. Alikuwa na ukweli usio na shaka hata chembe, na haukumfaa kitu.

SAA 6:48 MCHANA

Luqmani aliwafungulia. Hakumtazama kaka yake usoni. Walipoingia, Basil alisikia kufuli likibanwa kwa nje.

SAA 7:05

Sefu lilikataa mara ya tatu. Basil alikuwa anabahatisha tu.

"Bosi, jaribu mlango."

Mosi alisukuma. Akasukuma tena kwa bega. Akamwita mdogo wake mara mbili. Aliyejibu alikuwa polisi, kwa kipaza sauti.

Mosi aliuacha mlango, akamgeukia Basil.

"Ulijua."

"Si nilikwambia asubuhi? Ile namba..."

"Ulijuaje, kama si wewe uliyetuuza?"

SAA 7:26

Pingu. Simu ya Mosi ilikuwa tayari mikononi mwa polisi, imezimwa. Basil alipiga magoti vumbini.

"Nyumba ipo wapi? Nakwa? Singe? Nitajie mtaa tu, nakuomba."

Mosi alitema mate pembeni. "Gawa, Ticha."

"Afande, binti yangu ametekwa! Mlazimishe aseme!"

"Maelezo utaandika kituoni," afande alijibu, akimsukumia kwenye gari. "Kila mwizi ana mtoto."

Saa ya afande ilionyesha saba na ishirini na tisa. Upande wa stendi basi lilipiga honi, na Basil akaanza kulia kwa sauti.