Chembe za Jogoo wa Mkuu

Jumamosi, saa moja na robo asubuhi, jogoo wa Mkuu wa shule alikutwa nyuma ya maktaba: shingo huku, mwili kule. Saa mbili kasorobo mwanafunzi aitwaye Mrefu alikamatwa bwenini akiwa na matone ya damu kwenye shati.

"Ilinitoka puani, mwalimu. Wallahi!"

"Pua yako huwika?" Mwalimu wa Nidhamu alizipapasa ndevu zake nene. "Mkuu, huyu afukuzwe leo leo."

Mkuu, aliyekuwa na msiba wa jogoo wake, alishika kalamu kuandika barua ya kumfukuza. Ndipo fundi wa maabara, ambaye wanafunzi humwita Mama Hadubini, alipobisha hodi.

"Nipe saa moja, Mkuu. Yeyote mwenye damu nguoni aje nayo maabara."

Walikuja watatu, Mkuu akiwafuata: Mrefu, mpishi na aproni yake, na Mwalimu wa Nidhamu mwenyewe, aliyekuwa na doa kwenye mkono wa shati.

"Nilijikata nikinyoa," alisema. "Pima tu, mama. Damu ni damu."

Mama Hadubini alilowesha kila doa kwa maji ya chumvi, akapaka kwenye kipande cha kioo, akatia rangi, akaweka chini ya hadubini. Akaanza na la Mrefu.

"Hizi nyingi za duara ni chembe nyekundu. Kazi yake kubeba hewa safi mwilini. Za binadamu, kama za ng'ombe, hazina kiini. Hivi vipande vidogo ni chembe sahani, huziba jeraha."

Mwalimu wa Nidhamu aliinama kwenye hadubini, kisha akaruka. "Hii hapa ina kiini! Kikubwa, cha zambarau! Jogoo huyo!"

Mrefu alijipenyeza mbele aone mwenyewe.

"Hiyo ni chembe nyeupe," alisema Mama Hadubini. "Askari wa mwili, hupigana na maradhi. Ni moja kati ya mamia, na kiini ni haki yake. Ndege ndiye ambaye hata nyekundu zake zina viini, zote. Hii si damu ya jogoo, mwalimu."

Damu ya aproni ya mpishi nayo haikuwa na viini katika chembe nyekundu.

"Nyama ya ng'ombe ya jana," mpishi alinung'unika. "Nilisema, mkanicheka."

Kikabaki kioo cha tatu. Mama Hadubini alitazama kwa muda mrefu, kisha akampisha Mkuu.

"Zina umbo la yai," Mkuu alisema polepole. "Na kila moja ina kiini."

"Mwalimu," aliuliza Mama Hadubini, "kwani ulinyoa nini, na ndevu zote hizo?"

Mwalimu wa Nidhamu akalipuka.

"Anawika saa tisa usiku! Chini ya dirisha langu! Miezi miwili sijalala!"

"Si ungeniambia?"

"Nilikuambia mara tatu, Mkuu. Ukasema ana kipaji!"

Mkuu aliikunja barua ya kufukuza, akaitia mfukoni. "Yako tutaijadili. Kwanza mwombe kijana msamaha."

"Samahani," alisema Mwalimu wa Nidhamu, akiviambia viatu vyake.

Mrefu alisimama wima, mikono nyuma, kwa heshima zote, kama darasani.

"Huku nyuma hatujasikia, mwalimu."