Glavu Tupu

Kila siku baada ya masomo, Shoto alipitia kwenye kibanda cha fundi viatu kuchukua mipira ya besiboli iliyoshonwa upya. Walimwita Shoto kwa sababu alirusha kwa mkono wa kushoto, na mkono huo ulimponza. Glavu zote za shule za kudakia mpira zilikuwa za kuvaliwa kushoto. Yeye aliivaa yake kulia, ili mkono wa kurushia ubaki wazi, gumba likikaa pasipo pake, na mpira ulimponyoka kila mara. Basi akajizoeza kudaka kwa mkono mtupu.

“Utavunjika vidole, mwanangu,” fundi alimwambia.

“Bora vidole kuliko mechi, mjomba.”

Jumamosi kina Shoto walikwenda kucheza na shule jirani. Fundi alikuwa mwamuzi, maana yeye peke yake alikuwa na barakoa ya waya ya kukaa nyuma ya mpigaji.

Besiboli haifuati saa. Mpigaji hukimbia kituo cha kwanza, cha pili na cha tatu, na akirudi salama alipopigia, pale paitwapo nyumbani, timu yake hupata alama moja. Timu moja hupiga mpaka wachezaji wake watatu watolewe, kisha nyingine huingia kupiga. Zote zikishapiga, raundi imekwisha. Wageni hupiga kwanza, wenyeji mwisho. Watoto hawa walicheza raundi tano.

Katika raundi ya tano, kina Shoto waliongoza sita kwa tano. Wenyeji walikuwa wakipiga, na wawili walikwisha kutolewa. Alibaki mmoja tu wa kutolewa, mechi iishe. Mvulana mwembamba aitwaye Kijiti alisimama kituo cha pili. Kituo cha kwanza kilikuwa wazi.

Mwenzake akaupiga mpira ukaburuzika chini. Kijiti akatimua mbio kwenda kituo cha tatu, alipokuwa Shoto. Kwa kuwa kituo cha kwanza nyuma yake kilikuwa wazi, hakulazimika kukimbia, hivyo Shoto kukanyaga kituo tu kusingemtoa. Ilibidi aguswe na mpira, au na mkono ulioushika. Shoto akadaka kwa kushoto, akageuka, akampiga Kijiti, aliyejitupa chini kukifikia kituo, begani kwa glavu ya kulia.

“Ametoka!” fundi akapaza sauti kutoka kule mbali.

Kina Shoto wakarukaruka. Kijiti akainuka na vumbi lake, macho yamemtoka.

“Glavu ilikuwa tupu! Mpira alikuwa nao mkono mwingine!”

“Kashindwa huyo, anatafuta pa kushika!” akacheka nahodha wa kina Shoto.

“Sisemi uongo! Mwamuzi hakuona!”

Mwalimu wa Kijiti akaja mbio, akamshika kola. “Unamwambia mtu mzima hakuona? Toka! Muhula huu huchezi tena!”

Hakumuuliza hata swali moja. Mtoto anasema kweli, anavutwa kola mbele ya watu kama mwizi, na wakubwa wanaita hiyo adabu. Adabu gani hiyo?

Shoto aliutazama mpira mkononi mwake. Mkono wa kushoto.

“Funga mdomo,” nahodha akamnong'oneza. “Tumeshinda.”

“Tumeshinda nini?” Shoto akafoka, mpaka nahodha akarudi nyuma. “Mwalimu, mwachie! Nimemgusa na glavu tupu. Mpira huu hapa!”

Fundi akavua barakoa, akaja taratibu.

“Una hakika?”

“Ndiyo, mjomba. Na wewe ungemuuliza!”

Fundi akaugeukia uwanja. “Hajatoka,” akatangaza. “Kijiti yuko kituo cha tatu, mpigaji kituo cha kwanza. Waliotolewa bado ni wawili.”

Mpigaji aliyefuata akaupeleka mpira hadi kwenye ua. Kijiti akafika nyumbani, mwenzake akafuata. Saba kwa sita. Kina Shoto wakawa wameshindwa, na nahodha wao akaitupa glavu yake chini.

“Iokote,” fundi akamwambia. Kisha akamgeukia Kijiti. “Nisamehe, baba. Nilikuwa mbali, nikapiga kelele kabla sijauliza.”

Mwalimu akaiachia kola hatimaye. “Utacheza,” akasema, uso chini.

“Sikilizeni nyote,” fundi akasema. “Mtu hutolewa kwa mpira, hatolewi kwa kelele zangu wala zenu. Ukijua ukweli ukanyamaza, mwenzako anaadhibiwa kwa ajili yako. Shoto amepoteza mechi, lakini leo hakuna mtoto anayelala na jina la mwongo ambalo si lake.”

Shoto bado alikuwa amenuna. “Na glavu hii je, mjomba?”

“Ilete kibandani Jumatatu. Niifumue, nilihamishe hilo gumba.”