Uzi wa Kisiginoni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Siafu aliokota pini zilizodondoka sakafuni. Jina hilo alibandikwa na mama yake, fundi cherehani, kwa sababu hakujua kutulia. Hata kula alikula akizungukazunguka. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana yao, na wateja walivua viatu mlangoni.

Siku hizi hata mama hakutulia. Alikuwa na uvimbe kwenye kinena. Madaktari walikata kipande kidogo, wakakipima, wakasema ni saratani iliyosambaa kutoka sehemu nyingine ya mwili. Sehemu gani? Walipiga picha za mapafu, tumbo na matiti, wasione kitu.

"Sasa kile kipande kimepelekwa maabara kubwa," mama alisema huku akishona. "Watasoma vinasaba vyake."

"Vinasaba ndiyo nini, Mama?"

"Daktari anasema ni maelekezo yaliyomo ndani ya kila seli. Seli hata ikihama, inabaki na alama za ilikotoka. Kama vitambaa hivi. Niokotee kipande chochote hapo chini, nitakwambia kimetoka jora gani."

"Wakishajua?"

"Watajua dawa ya kunipa. Saratani ya tumbo haitibiwi kama ya ngozi. Haya, toka, utachelewa."

Neno ngozi lilimchoma Siafu. Mwaka uliopita mama aliotwa na kidoti cheusi pembeni mwa kisigino. Kilikua, kikainuka, kikawa kinamuuma kila alipokanyaga cherehani. Mafundi wa mtaa wao walikuwa na dawa yao ya vinyama vinavyoota kwenye ngozi: uzi uliopakwa nta. Mama alikizungushia uzi, na kwa kuwa hakufika vizuri, Siafu ndiye aliyekaza. Baada ya siku chache kikadondoka.

"Usimwambie mtu, wateja watanicheka," mama alisema.

Siku ile Siafu aliona fahari. Sasa hakukalika. Darasani mwalimu alimuuliza nusu ya themanini, naye akajibu, "Kisigino." Wenzake waliangua kicheko, lakini yeye hakuona cha kuchekesha.

Majibu yalipofika, alimsindikiza mama hospitali.

"Vinasaba vinaelekeza kwenye ngozi," daktari alisema. "Kipimo hiki hakitoi uhakika kamili, lakini alama zinafanana sana na za saratani inayoanzia kwenye vidoti vyeusi. Nilikuuliza mwanzoni, nakuuliza tena. Uliwahi kuwa na kidoti kilichobadilika?"

"Sijawahi, Daktari." Mama alijibu haraka, akirudisha miguu chini ya kiti.

Siafu alimtazama mama, kisha daktari. Akisema, atamwaibisha mama yake. Akinyamaza, huenda akampoteza. Alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Alikuwa nacho! Kisiginoni. Tulikifunga uzi kikadondoka, na mimi ndiye niliyekaza." Machozi yakamtoka. "Mama, nimekuua?"

Mama alimkata jicho. Kisha uso ukamlegea, akamvuta mtoto wake kifuani. Akavua kiatu. Pembeni mwa kovu, ngozi ilikuwa imeanza kuwa nyeusi tena.

Daktari aliinama akapaangalia kwa muda mrefu.

"Hujamuua mtu, mwanangu," alisema. "Uzi haukuleta saratani. Kosa ni la sisi wakubwa, kukitupa kidoti bila kukipima, halafu kukificha. Umetusaidia sana leo."

Kovu lilikatwa na kupimwa, na kweli saratani ilikuwa imeanzia pale. Mama akaanzishiwa dawa iliyofaa saratani hiyo. Ilimchosha, kuna siku hakuweza kushika hata mkasi, lakini uvimbe ulianza kunywea. Daktari alisema matibabu bado yanaendelea, ila wameanza vizuri.

Mama aliporudi kwenye cherehani, jirani yake fundi aliingia akiwa ameshika shingo.

"Shoga, nikatie uzi kidogo. Kuna kinyama hapa kinanisumbua."

Mama alichukua kibonge cha uzi akakitia kwenye droo.

"Uzi wangu ni wa nguo. Kitu kikiota na kubadilika, kipeleke hospitali. Na ukiulizwa, sema kweli. Mimi nilidanganya mbele ya daktari, kumbe kipande cha mwili wangu kilikuwa kimeshasema."

Chini ya meza, Siafu aliendelea kuokota pini.