Kata ya Mzee Kalervo

Jumamosi ile ua wa bafu la mvuke pale Tampere, Ufini, ulifurika watu waliojifunga mataulo, wakipunga upepo na kutafuna soseji. Anselmo, fundi piano kutoka Ureno, alitokea mlango wa wanaume, kaptula yake ikichuruzika maji.

"Kaka, umetoka kuoga au kuvuka mto?" Outi alimtania. Taulo lake lilikuwa jekundu, mashavu yameiva kwa joto.

"Dada, kwetu kukaa uchi mbele za watu ni aibu."

"Hapa aibu ni hiyo kaptula!"

Mapenzi yakaanzia hapo. Kufikia majira ya baridi kaptula alishaivua, benchi la juu lenye joto kali analipanda mwenyewe, na simu hazikauki.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, ila sijashiba. Wewe hupo."

Kiangazi Outi alimpeleka ziwani kwa baba yake, Mzee Kalervo, seremala mjane. Wanaume wawili wakaingia bafuni. Anselmo akajikaza.

"Mzee, nampenda Outi. Naomba nimwoe."

Mzee hakujibu. Alimkabidhi kata ya kumwagia maji mawe ya moto yanayotoa mvuke, kata ambayo hakuwahi kumwachia mtu tangu mkewe afe, kisha akafumba macho. Ndivyo tulivyo sisi Wafini, neno zito hatulipigii kelele. Lakini Anselmo alizaliwa kwa watu ambao wakikukubali wanakukumbatia. Akamwaga maji, akangoja. Akamwaga tena. Kimya. Akaona amefanywa mtumishi. Akaitua kata, akavaa, akashika njia ya kituo cha basi.

Outi alimpigia jioni.

"Umemwacha baba vile?"

"Amenijibu, Outi. Sina la kuongeza."

"Na wewe umemjibu kwa mgongo! Basi nenda!"

Hasira hasara. Kila mmoja alijiona ndiye aliyekataliwa, na Anselmo akarudi kwao.

Baada ya miaka miwili aliitwa kazini Helsinki. Siku moja, wakiwa bafuni, akamsimulia mwenzake mkasa ule. Yule bwana akamkodolea macho.

"Mwenye bafu alikupa kata yake? Ndugu yangu, ulishakuwa mkwe!"

Anselmo alitoka mbio, akapiga simu.

"Outi, baba yako alinikubali?"

"Kwani hukujua?"

Kesho yake Outi alimpokea stesheni ya Tampere, koti jeusi limempwaya. Wakakumbatiana, wakalia bila kujali watu.

"Nipeleke kwa mzee nikamwombe radhi."

"Tulimzika Machi. Mpaka mwisho alikuwa akiniuliza, 'Nilimkosea nini yule kijana?' Nami nikamwambia wewe una jeuri tu."

"Tuanze upya, mpenzi. Bado nakupenda."

"Nami nakupenda, Anselmo. Lakini nikikutazama namsikia baba akiuliza. Sasa jibu ninalo, na wa kumpa hayupo."

Outi akamfunga Anselmo vifungo vya koti lake, akambusu kipajini, akaenda zake.