Gurudumu la Kushoto Linacheza

Mwishoni mwa mwaka 2012 soko la Kakuma lilifurika watu mpaka mbuzi wakakosa pa kupita. Katikati ya njia alisimama Chepkemoi, karani wa ofisi ya maji kule Lodwar, gauni lake la njano limejaa vumbi, gari lake limegoma kukata kona. Gari lenyewe kichekesho: jekundu, jepesi kama karai, viti viwili, halina paa. Gari la mashindano. Alilinunua kwa mzungu aliyekuwa akihama Eliye Springs, na tangu hapo Lodwar nzima ilimcheka.

"Mama, hii gari inatafuta lami," sauti ilisema nyuma yake. "Hapa iko mchanga tu."

Alikuwa kijana mrefu, ovaroli imechanika gotini. Onésphore, fundi, mkimbizi kutoka Uvira, Kongo, aliyeishi kambini hapo Kakuma.

"Mimi si mama yako. Utatengeneza ama utaongea?"

"Nitafanya yote mbili."

Akapiga jeki, gurudumu la kushoto likainuka.

"Lete mkono. Weka vidole hapa kwa hii kifundo. Inaitwa boljointi, ndiyo inashikilia gurudumu. Mimi natikisa, wewe unasikiliza na vidole."

Akatikisa. Chepkemoi akasikia chuma kikigonga polepole, kama jino lililolegea.

"Inacheza!"

"Inacheza. Raba imepasuka, mchanga umeingia. Nitasafisha, nijaze grisi, nifunge raba. Mpya nitaagiza Nairobi. Lakini uwe unaniletea mara kwa mara, hii barabara ni mawe."

Akaleta. Akaleta tena. Huyu akitikisa, yule akishika, mpaka siku moja gurudumu likatulia na hakuna aliyeondoa mkono.

Simu nazo zikaanza.

"Sheri, mpenzi wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe umeoga hiyo grisi?"

"Haitoki. Kama vile wewe kwa roho yangu."

"Uongo wa Kongo huo!" Na anacheka peke yake ofisini.

Sasa penye asali nyuki hawakosi. Fundi mmoja wa Lodwar, Mike, alichungulia chini ya gari akatikisa kichwa. "Dada, hii haitaki grisi, inataka kubadilishwa. Jamaa anakuzungusha tu ufike kwake."

Chepkemoi akapiga simu hapo hapo. "Ni kweli unaniita bure?"

Mwanamume mwingine angeapa. Onésphore akacheka kwa haya. "Bure hapana. Lakini kidogo, ndiyo. Nilitaka kukuona."

"Kidogo! Mimi nameza vumbi njia nzima kwa sababu ya kidogo yako!" Akakata.

Kumbe boljointi mpya ilikuwa imeagizwa kweli, ikakwama Kitale. Ilipofika, Onésphore alipiga simu, haikushikwa. Akapiga tena na tena. Alijua mwenyewe jinsi ile ya zamani ilivyolegea mara ya mwisho. Ikichomoka, gurudumu linakunjika na gari linakwenda linakotaka. Naye atafanya nini? Mkimbizi bila kibali hapiti kizuizi cha polisi. Akaandika: "Usinisamehe. Lakini usiendeshe hiyo gari. Nakuomba."

Chepkemoi alisoma, moyo ukayeyuka, akajifunga leso, akaingia kwenye gari lilo hilo kumfuata. Mapenzi hayana akili hata ya kuku.

Mchana simu ya Onésphore ikalia. "Onés, gurudumu limelala. Niko kwa korongo, peke yangu."

"Umeumia?"

"Sijui. Mkono wangu..." Mtandao ukapotea.

Alikimbia na jeki mpaka kwenye kizuizi.

"Kibali?" askari akauliza.

"Afande, mtu wangu ameanguka huko mbele."

"Naskia, kijana. Lakini nikikuachilia, kesho ni mimi nitafutwa kazi."

Hakuwa mtu mbaya, yule askari. Hata maji alimpa. Onésphore alisimamisha kila lori lililotoka kwenda Lodwar, akawaomba madereva wamtafute, kisha akabaki ameketi na jeki yake mapajani, anaitazama barabara.

Jua likiwa limeanza kushuka, lori la maharage likafika kutoka Lodwar. Gari jekundu limefungwa juu ya magunia kama mbuzi wa mnadani. Chepkemoi akashuka, mkono umening'inizwa kwa leso.

"Nilikuambia usiendeshe!"

"Ningekuja na nini? Ama wewe unaweza kuja?"

Onésphore akainama. "Siwezi. Hata kwenu siwezi kufika kukuposa. Wazee wangu walibaki Uvira, wengine chini ya udongo."

"Umesema kuniposa?"

"Nimesema. Lakini namna gani?"

Kwao Chepkemoi, kwenye baridi ya Kericho, mchumba huja na wazee wake nyumbani kwa msichana. Nani amewahi kusikia mzee akifunga safari kumfuata mkwe? Chepkemoi alilijua hilo. Bado akasema, "Nipigie baba. Nishikie simu, mkono unauma."

Simu ikaitika.

"Baba, kuna mtu anataka kuniposa. Yuko Kakuma. Haruhusiwi kutoka."

Ng'ombe alilia huko Kericho.

"Hana wazee?"

"Hana, baba."

Onésphore akafumba macho.

"Huko ni joto?" mzee akauliza.

"Ni joto sana, baba."

"Basi koti nitaliacha nyumbani."