Fito Tano za Njiani

Ng'ombe wa pili alianguka saa nne asubuhi, na hakuinuka tena. Upepo wa kaskazini ulivuma ukirusha theluji kama unga unaopepetwa, na nyika ile ya Illinois ikapotea. Mbingu na ardhi zikawa kitu kimoja cheupe.

"Ulituandikia huku shamba halina hata jiwe," Sjur alimpigia kelele Osmund. "Mbona hukuandika kwamba halina hata mti?"

Osmund Haugland ndiye aliyetangulia Amerika, miaka sita kabla yao, akaizunguka kwa miguu mpaka akaliona bonde la mto, kisha akawaita watu wa kijiji chake huko Norwei wavuke bahari. Na ndiye aliyechomeka fito kwenye njia hii kabla ya majira ya baridi, mmoja kila hatua hamsini, kama wafanyavyo milimani kwao ili msafiri asipotee theluji ikifunika njia. Kwao ufito wa njia hauguswi. Anayeung'oa ni sawa na aliyemzika mtu angali hai.

Ragnhild, dada yake Sjur, alikuwa amemkumbatia mwanawe Marit ndani ya blanketi la ngozi. Baba wa mtoto walimzika baharini. Alfajiri Marit alikuwa akilia kwa baridi. Sasa alikuwa halii, wala hatetemeki.

"Mzee Osmund, namwamsha haamki."

"Msugue miguu."

"Nimemsugua mpaka mikono imekufa ganzi. Anataka moto."

Mbao za gari lao la kuteleza walishazichoma jana, pamoja na sanduku la harusi la Ragnhild. Nyumba ya kwanza ilikuwa mbele, fito themanini.

"Za nyuma hatuzihitaji tena," Ragnhild akasema.

Osmund akageuka. "Nyuma wanakuja akina Tveit. Watu saba."

"Mimi ninaye mmoja."

Alirudi nyuma akiinamia upepo, akang'oa tano. Mzee hakumzuia. Alizichanja mwenyewe kwa shoka, akawasha moto nyuma ya mzoga wa ng'ombe, wakayeyusha theluji na kumnywesha mtoto tone kwa tone. Ilipita saa nzima ndipo Marit alipolia. Ragnhild naye akalia.

"Haya, nendeni," Osmund akasema. "Hesabu themanini. Usiuache ufito mmoja kabla hujauona wa pili. Sjur, miguu yako imeganda, shika bega la dada yako."

"Na wewe?" Sjur akauliza.

"Pengo lile ni hatua mia tatu. Linahitaji mtu."

"Utaganda, mzee!"

"Nitaimba. Marehemu mke wangu alisema sauti yangu inafukuza mbwa mwitu."

Ragnhild alihesabu. Kwenye ufito wa hamsini na tatu alipotewa na hesabu, akauhesabu mara mbili. Wa mwisho, uliosimama mbele ya nyumba, aliugonga kwa paji la uso, na mlango ukafunguliwa.

Kesho yake adhuhuri, upepo ulipotulia, akina Tveit waliwasili wote saba. Osmund alikuwa amelala garini mwao, amefunikwa hata uso.

"Tulimkuta anakwenda na kurudi," alisema bibi Tveit, "anakanyaga theluji isifunike njia, anaimba zaburi. Sauti yake ndiyo tuliyoifuata. Tukampandisha. Hakusema neno tena." Akawatazama mmoja mmoja. "Nani aling'oa zile fito?"

Sjur aliitazama miguu yake iliyofungwa vitambaa.

"Mimi," Ragnhild akasema.

Bibi alimtazama, kisha akamtazama Marit aliyekaa karibu na jiko na bakuli tupu.

"Mwongeze uji," akasema.

Kila mwaka, kabla theluji haijaanguka, Ragnhild hutoka na shoka na mzigo wa fito. Kwingine huchomeka mmoja kila hatua hamsini. Lakini penye pengo lile huchomeka mmoja kila hatua kumi, na wapitao huuliza kwa nini zimesongamana pale.

"Ili pasihitaji mtu tena," Marit huwajibu.