Sauti Iliyotangulia Mdomo

Mtaa huu hauna mwanamke jasiri kunishinda. Siogopi nyoka, siogopi giza, siogopi wafu. Siku marehemu mume wangu alipozungumza kabla ya kufungua mdomo, nilikuwa wa kwanza kufika uani, tena na kiatu kimoja.

Ilikuwa mchana kweupe. Binti yangu kitindamimba hukata na kuunga video katika chumba chetu cha nyuma. Alikuwa amefunga mapazia ili aone kioo cha kompyuta vizuri. Tulikaa wanne: yeye, kaka yake ambaye hurekodi sauti, shemeji yangu na mimi. Tulikuwa tunatazama video ya maneno ya mwisho ya mume wangu, aliyorekodiwa kabla hajafa.

Alikuwa amezungumza saa nzima, huku akipumzika mara kwa mara, maana pumzi ilikuwa ya kuombwa. Binti alishika kamera. Mwanangu alishika kinasa sauti. Baba yake akipumzika, alikisimamisha. Akianza tena, alikibonyeza kirekodi.

Mwanzoni mambo yalikuwa sawa. Baadaye sauti ikaanza kutangulia mdomo, kidogo tu. Katika kila kipande kipya cha sauti, ikatangulia zaidi. Mwishowe marehemu alikuwa amefumba midomo, ananitazama, na chumba kizima kikasikia:

"Mke wangu, upo?"

Kisha midomo ikafunguka taratibu, ikasema maneno yale yale bila sauti.

"Nipo!" nikajibu. Nikatoka mbio.

Shemeji alinifuata na kikombe kitupu. Chai ilikuwa kwenye suruali yake.

"Nimetoka kupunga upepo tu," akasema. Kisha akamgeukia binti, aliyesimama mlangoni. "Futa kitu hicho leo leo. Kaka yangu hajatulia."

"Baba mdogo, hatuna sauti yake nyingine!"

"Nimesema futa."

Sasa yeye ndiye mkubwa wa ukoo. Akisema, imesemwa. Binti akaanza kulia. Mimi nikaenda kumwita jirani. Tunamwita Bibi Runinga, kwa kuwa alihariri habari kituoni mpaka akastaafu. Nilimkuta anatafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake.

Alitazama video bila kupepesa macho.

"Mzimu huu naujua," akasema.

Shemeji akasogea mlangoni. "Mzimu gani?"

"Mzimu wa hesabu. Njoo, hakuli. Mnaziona namba hizi zinazokimbia chini? Kila picha ina namba yake: saa, dakika, sekunde, na picha ya ngapi ndani ya sekunde. Kamera hii husemwa inapiga picha thelathini kwa sekunde. Kweli yake, inapungukiwa kidogo mno. Ukihesabu kana kwamba thelathini zimetimia, namba zinachelewa. Saa ya ukutani ikimaliza saa moja, namba ziko nyuma sekunde tatu na nusu hivi."

"Sasa mtu afanyeje?" nikauliza.

"Ipo hesabu ya kuruka. Kila dakika mpya inaruka namba mbili, isipokuwa kila dakika ya kumi. Hiyo inakwenda sambamba na saa ya ukutani."

"Inatupa picha za mume wangu?"

"Hata moja, dada yangu. Chukulia mtaa wenye milango iliyoandikwa moja, mbili, halafu tano. Nyumba hazikubomolewa. Namba tu zimerukwa."

Akagusa kioo. "Kamera ilihesabu kwa kuruka. Kinasa kilihesabu bila kuruka, na hesabu yake iliendelea hata kilipoacha kurekodi. Viliwekwa kwenye sifuri pamoja, ndiyo maana mwanzo ni sawa. Baadaye kila kipande cha sauti kilibeba namba iliyochelewa, na kompyuta ikakiweka mapema kuliko picha yake."

Binti akamgeukia kaka yake. "Si nilikwambia ukague?"

"Nilikagua! Sikubandua macho kwenye mashine saa nzima. Wallahi. Labda ilijibadilisha yenyewe."

"Mashine?"

"Au marehemu aliigusa."

Shemeji akatikisa kichwa kukubali. Nami nikasogelea mlango.

Bibi Runinga akamwelekeza binti. Binti akaiambia kompyuta kwamba sauti ilihesabiwa bila kuruka. Vipande vikasogea, kila kimoja kikakaa mahali pake.

"Siku nyingine," Bibi Runinga akasema, "kabla ya kurekodi, someni vyombo vyote viwili. Chagueni hesabu moja. Na kila mkianza upya, pigeni kofi moja mbele ya kamera, mlinganishe sauti na picha."

Tukatazama tena. Midomo na sauti vikaenda pamoja.

"Mke wangu, upo?"

"Nipo," nikasema, polepole safari hii.

Shemeji akafuta macho. "Na mimi nipewe nakala," akasema.

Tukafika mwisho, ambako hatukufika mara ya kwanza. Marehemu akanyamaza. Akageuza shingo taratibu, akatazama kulia, pale pale alipoketi mwanangu.

"Na wewe," akasema, "tangu tuanze unabonyeza hicho kinasa bila kukitazama. Weka simu chini."

Kisha tukasikia sauti ya mwanangu mwenyewe, kutoka kwenye video, na nyuma yake milio ya mchezo wa simu:

"Nakitazama, baba."

Tukageuka wote. Uso wake ulikuwa unang'aa gizani, kwa mwanga wa simu iliyokuwa mkononi.